Maharagwe ya Mvua

Kazi yangu ilikuwa kuandika maharagwe. Nikisema hivyo watu wa Butembo wanacheka mpaka leo, na wakati ule walicheka zaidi: mwanamke mzima, aliyesomeshwa kwa jasho la wazazi, anashinda mbele ya kompyuta akiandika kwamba haragwe fulani ni dogo, jekundu, lina mstari. Jirani mmoja aliniuliza kama maharagwe hayo huwa yananijibu.

Kituo chetu cha kilimo kilikuwa mlimani, nje kidogo ya mji. Tulitunza aina za maharagwe zilizokusanywa kwa wakulima, kutoka Kasugho msituni mpaka vilima vya Vuhovi, kila aina ndani ya kopo lake. Mkubwa wangu alikuwa afisa wa kilimo aliyeletwa na serikali kutoka Kasai. Sote tulimwita Agronome, hata mke wake. Serikali iliyomleta ilimsahau zamani, mshahara ulikuwa hadithi, lakini kila asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi na kwenda kusalimia makopo yake. Yeye ndiye aliyetuingiza kwenye hifadhidata ya ng'ambo, mahali ambapo maharagwe ya dunia nzima yameandikwa, na mtu yeyote mwenye mtandao anaweza kufungua akasoma: aina hii ilitoka kijiji gani, ua lake ni la rangi gani, inavumilia ugonjwa upi. Mimi nilijaza habari kwenye diskete, diskete ikasafiri na ndege ndogo kutoka uwanja wa Rughenda, na baada ya miezi maharagwe yetu yakawa na namba kama watu wenye vyeo.

Katika aina zote hizo, moja ilikuwa ya nyumbani. Kwetu Vuhovi ardhi imechoka kulimwa. Mvua ikizidi mizizi ya maharagwe inaoza, majani yanageuka njano, na ukivuta shina linakuja mkononi bila ubishi. Lakini mama yangu alikuwa na maharagwe yake madogo ya zambarau, aliyopewa na mama yake siku alipoolewa, na hayo hayakuoza. Aliyaita maharagwe ya mvua. Majirani walipokuwa wakilia na mashamba yao, yeye alikuwa akichambua maganda. Aliamini kwamba aliye nayo hafi njaa, na mimi sikubishana naye, maana watoto wake sote tulikuwa hai.

Kisha vita vya pili vikafika vilimani. Sitaeleza nani alikuwa akimpiga nani, kwa sababu hata wao wenyewe walikuwa wakigeuka kila msimu. Vuhovi iliungua. Ghala la mama liliungua na mbegu zote ndani, na za majirani aliokuwa amewagawia pia. Alinifikia Butembo na sufuria moja na kitabu cha nyimbo, miguu imevimba, akakaa jikoni kwangu. Ukali wake niliouzoea ulikuwa umekwisha, na jambo hilo liliniogopesha kuliko habari za moto.

Vijiji vilipotulia kidogo, watu wa kwetu walianza kurudi na mbegu za msaada. Nilimuuliza kama atakwenda nao.

"Minarudia na nini?" akasema. "Na ile maharagi ya kugawiwa? Itaoza yote. Unataka nikufie njaa mu shamba yangu mwenyewe?"

"Mama, maharagi yako iko kwetu ku kituo. Iko kopo nzima."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu aje. "Basi nitarudia na ile," akasema. "Bila ile, hapana."

Hivyo ndivyo jambo lilivyosimama, na halikubadilika tena: mama yangu angerudi nyumbani na maharagwe yake, au asingerudi.

Lakini kabla sijamletea, askari waliingia kituoni. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa siku ya tatu walichukua jembe, wakachukua na mpini wakaupikia. Kompyuta yangu ilibebwa kichwani mwa mtu aliyeishika kana kwamba ni redio. Makopo waliyafungua moja baada ya jingine na kumimina ndani ya pipa la kupikia. Agronome alijaribu kuwaeleza kwamba hicho si chakula, ni mbegu za wilaya nzima. Walimpiga kitako cha bunduki mdomoni. Hata hivyo njaa yao ilikuwa na kikomo siku ile, na asubuhi yake tuliweza kutoa konzi moja moja kutoka makopo yaliyobaki, tukizifunga ndani ya vitambaa na kuzificha chini ya majani ya sombe kwenye kitunga changu. Konzi moja ilikuwa ya maharagwe ya mvua.

Sasa tufanye nini na vifurushi hivyo? Kule ng'ambo mbegu inalala kwenye baridi miaka na miaka. Kwetu hakuna baridi hiyo. Mbegu isipopandwa inakufa; "akiba haiozi" ni maneno ya watu wasiofuga fukusi. Na shamba la kituo lilikuwa limekuwa kambi. Basi Agronome, mdomo bado umevimba, alikuja kanisani kwetu kuwaomba wamama.

"Bamama, munisikie," aliwaambia. "Kila mutu atapewa aina moja. Ataipanda peke yake. Hapana changanya mu shamba, hapana changanya mu kitunga, hapana changanya mu nyungu. Mukivuna, munaniletea."

"Donc ni mutoto ya kulea," alisema mama mmoja. "Unamulisha, unamukomalisha, mais jina anabakia na jina ya kwabo."

"Ni vile kabisa," akasema Agronome, na nadhani ndipo alipowapenda watu wa kwetu. Wamama walipokea vitambaa vyao kwa mikono miwili. Mama yangu alipokea chake, akakifunga kwenye ncha ya kitenge na mara kwa mara akakigusa.

Kanisa lilitupatia kipande cha ardhi kwenye mteremko unaotazama uwanja wa Rughenda. Mama alipanda pale. Mvua ilinyesha kama imetumwa, mashamba ya jirani yakaanza kuwa njano, na yake yakasimama kijani. Alianza kunigombeza tena: naamka nimechelewa, naunguza fufu, nimekonda kama fito. Nilifurahi kila alipofungua mdomo. Alivuna kiasi cha kutosha kupanda shamba zima la Vuhovi, akakausha, akaweka kwenye kikapu kidogo, na akasema tutaondoka baada ya Jumapili ya mavuno.

Hapo ndipo palipoharibika, na hapakuharibiwa na askari.

Kanisani kwetu, mazao ya kwanza ya ardhi mpya ni ya Mungu, yote. Wewe utakula ya pili. Unayaleta mbele siku ya malimbuko, unayamimina kwenye kitunga kikubwa mbele ya mimbari, na ibada ikiisha wazee wanakupimia humo mbegu ya msimu ujao. Tangu zamani haikudhuru kitu, kwa sababu wamama wetu hupanda maharagwe ya mchanganyiko. Konzi ya kitunga ilikuwa mbegu ya yeyote. Agronome alikuwa amekataza kuchanganya shambani, kikapuni na chunguni. Kuhusu kanisa hakusema kitu, kwa kuwa kwao Kasai hakuliona jambo kama hilo.

Alikuwa amealikwa kwa heshima, ameketi mstari wa mbele na shati lake la pasi. Kwaya ikaanza, wamama wakaja wakicheza, vikapu kichwani, nyuso zinang'aa. Yeye alidhani wanakuja kumwonyesha watoto wake. Wa kwanza akamimina. Wa pili akamimina.

Agronome akanishika mkono. "Banafanya nini?"

"Banatoa malimbuko."

"Mu kitunga moja?"

"Kitunga ni moja, Agronome."

Alisimama. Mchungaji akafikiri mgeni naye anakwenda kutoa, akamkaribisha kwa mikono miwili, na kanisa zima likampigia makofi. Akabaki amesimama pale mbele, mikono mitupu, na wamama wakimzunguka wakicheza na kumimina, wakicheza na kumimina. Ningecheka kama mama yangu hakuwa mmoja wao. Nilitaka kupiga kelele, lakini katika kanisa letu mtu hapigi kelele wakati wa malimbuko, na nafsi yangu yote ililelewa humo. Nilimwona akiinua kikapu kidogo na kukimwaga mpaka cha mwisho, kisha akakigonga kitako ili isibaki hata moja.

"Mungu aliniokoa mu moto," aliniambia baadaye, nilipomwuliza. "Ningemunyima? Na bale bazee, si batanirudishia?"

Sikumlaumu wakati ule, na sasa pia sitamlaumu. Agronome naye hakumlaumu mtu. Alikaa kwenye benchi akashika tama mpaka kanisa likawa tupu.

Wamama walipoelewa walilia, kisha wakatandika mikeka. Hakuna duniani wanaojua kuchambua maharagwe kuwashinda hao. Mekundu makubwa huku, ya njano kule, yenye madoa, meupe, yenye jicho. Karibu kila mtoto alirudi kwa mlezi wake. Yaliyoshindikana ni madogo ya zambarau: aina tatu zilizofanana kama mapacha, moja ya mama, moja ya Kasugho, moja ya vilima vya Lubero. Mama alichukua moja, akaitazama, akaiweka. Akachukua nyingine. Mwishoni akafunika macho kwa mikono.

"Hapana, simujue tena," alisema. "Yote iko na sura moja."

Angeweza kupanda lundo zima Vuhovi, utasema, na yatakayooza yaoze. Lakini ardhi ya kule ikikosa msimu mmoja ni watu wanaokosa, na sehemu kubwa ya lundo ilikuwa ya wale wengine wawili. Alijua jambo moja tu: maharagwe ya mvua hutoa ua jeupe. Kama wale wengine nao walitoa ua jeupe, hakujua, wala wamama waliowalea hawakuwa na hakika. Mmoja alisema jeupe, mwingine akasema hakutazama.

Wakati huo mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa amefungua cyber, chumba cha mtandao, sahani kubwa juu ya bati na jenereta inayopiga kelele nyuma. Nilikwenda na namba zetu tatu. Watu walikuwa pale wakiandikia ndugu zao walioko Kampala na Ulaya, wanauliza nani yuko hai, na mimi nikafungua maharagwe. Ukurasa ulishuka pole pole, mstari kwa mstari. Aina ya Kasugho: ua zambarau. Aina ya Lubero: ua zambarau. Aina ya Vuhovi: ua jeupe. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, niliyoyaandika wakati wa amani, na nilishukuru peke yangu kwa sauti mpaka mwenye cyber akageuka. Chini yake kulikuwa na mstari unaosema kwamba konzi ya mbegu hizo, ambayo bila shaka Agronome aliituma zamani, imehifadhiwa kwenye benki ya mbegu ng'ambo. Sikuutilia maanani. Tulikuwa na lundo letu.

Tukapanda lundo lote la zambarau kwenye mteremko uleule na tukangoja maua. Ua la haragwe halidumu, likianguka huwezi tena kutofautisha mmea na mwenzake, kwa hiyo mama alichana kitenge chake chekundu vipande vyembamba. Asubuhi maua yalipofunguka tulipita tuta kwa tuta, na kila penye ua jeupe tukafunga kipande chekundu kwenye shina. Ilikuwa asubuhi nzuri. Mama aliimba. Alisema mara hii malimbuko yake atayapeleka kwa kanisa la Vuhovi, na Mungu atavumilia mwendo.

Lakini uwanja wa Rughenda ulikuwa chini yetu, na askari wa uwanja waliona mteremko mzima umepandwa vitambaa vyekundu. Walipanda juu wakiwa na bunduki mbele.

"Mama, ile bitambaa ni ya nini?" akauliza mkubwa wao.

"Ni alama ya maharagi," mama akasema.

"Maharagi banaiwekaka alama?"

"Ile yenye iko na ua nyeupe."

Alicheka, na wenzake wakacheka. Mmoja akasema ni dawa ya wapiganaji wa msituni, wanaojipaka maji ili risasi isiwaingie. Mwingine akasema hapana, ni ya kuonyesha ndege mahali pa kupiga. Nilianza kueleza habari za hifadhidata, za namba, za ugonjwa wa mizizi. Nilisikia mwenyewe jinsi maneno yangu yalivyokuwa mabaya. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyofanana na jasusi.

"Kanga monoko," mkubwa akaniambia, na sikuhitaji kujua Kilingala ili kufunga mdomo. "Nani alifunga hii bintu?"

"Ni miye," mama akasema kabla sijavuta pumzi. "Ni miye peke yangu. Huyu alifika sasa hivi."

Kisha wakang'oa. Hawakung'oa shamba. Waling'oa yenye kitambaa tu, kila shina lenye chekundu, kwa uangalifu kabisa, wakipita tuta kwa tuta kama sisi tulivyopita. Wakayarundika, wakamwagia petroli, wakachoma. Mama walimfunga mikono kwa kipande cha kitenge chake na wakashuka naye. Nyuma yao shamba lilibaki limesimama na maua yake ya zambarau, halijaguswa.

Nilikwenda uwanjani kila siku na chakula, na kila siku nilirudi nacho. Aliyemtoa ni Agronome. Alifunga safari mpaka Beni, kwa wakubwa waliotutawala wakati ule, kwenye ofisi waliyoiita wizara, na akawaeleza kwa Kifaransa chake cha shule kwamba mwanamke yule ni mkulima wao wa majaribio. Walimkubalia, lakini walimbakisha: walihitaji mtu wa kilimo, na mtu wa kilimo hakuulizwa anataka nini. Sikumwona tena.

Mama alirudi kwa miguu yake, lakini mguu mmoja haukukunjika tena. Hakunieleza walimfanyia nini na mimi nilikosa ujasiri wa kuuliza. Kitu cha kwanza alichotaka kujua ni kama kuna ua jeupe lililosalia. Nilikuwa nimepita shamba lile mara mbili kabla maua hayajaanguka. Halikuwapo hata moja.

Ndipo nilipoukumbuka ule mstari wa chini. Nilirudi cyber, nikafungua namba yetu, nikasoma vizuri. Konzi yetu ilikuwa kule kweli. Niliandika barua kwa watunzaji, kwa Kifaransa, nikaeleza yote: moto, kituo, kanisa, uwanja. Niliomba mbegu kumi, hata tano. Nikamwambia mama kwamba kuna maharagwe yake ng'ambo, yamelala kwenye baridi, na nimeyaagiza.

"Bado ni nzima?" akauliza.

"Ni nzima. Kule bantu banaitunza vizuri."

Akaanza kujiandaa. Alitafuta mtu wa kumpeleka Vuhovi na pikipiki kwa sababu ya mguu. Alinituma kuuliza majibu mpaka mwenye cyber akawa ananitikisia kichwa tangu mlangoni. Mvua zilikuja, zikapita. Alipanda maharagwe ya msaada nyuma ya nyumba yangu ili mikono isilale, nayo yakawa njano, akayang'oa.

Jibu lilipokuja lilikuwa la adabu sana. Mwandishi alisikitika kwa yaliyotupata. Alisema wamefungua pakiti ya namba ile na kuipima, lakini mbegu ilikuwa kidogo tangu mwanzo, imezeeka, na zile walizozijaribu hazikuota. Alisema wanajali sana aina hii, kwa sababu ya mizizi yake, na kwamba wameona kwenye hifadhidata kuwa asili yake ni Vuhovi. Je, tungeweza, hali ikiruhusu, kuwatumia mbegu mpya kutoka kwa wakulima wa huko?

Nilikasirika, na hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Nililisoma mara mbili lile jibu, kisha nikaenda nyumbani kulisema, kwa sababu mama alikuwa akingoja.

Mama alikuwa jikoni anachambua mchele. Nilimwambia kwa Kiswahili chetu, polepole, bila kupunguza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Bale ba ng'ambo njo banaiomba kwetu?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Ile yangu. Ya Vuhovi."

"Ile yako."

Alirudisha macho kwenye ungo. Aliokota kijiwe, akakitupa nje ya mlango.

"Ubaandikie," akasema, "kwamba na siye tuko tunangojea ya kwabo."

Kesho yake nilikwenda cyber, nikaandika hivyo, nikatuma.